Ng'ombe wa Makatoni na Mkia wa Mwenyekiti

Leo nimeaibika, marafiki. Nimeaibika hadi nikatamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ya Kitengela ilivyo ngumu, ikakataa.

Mnajua mimi ndiye mwalimu wa maktaba shuleni kwetu. (Maktaba ni neno kubwa. Ni chumba kimoja, rafu nne na mikeka miwili.) Jumatatu hedi, mkuu wetu, alinipasha habari: bodi ya shule inakuja Ijumaa kuamua kama chumba hicho kitageuzwa darasa la Gredi ya Tisa. Roho iliniuma. Nikaapa watoto wangu hawatanyang'anywa vitabu hivi hivi nikitazama.

Nikachagua kitabu cha picha kuhusu ng'ombe asiye na mkia anayesumbuliwa na nzi. Ukurasa wa mwisho hauna maneno. Ni ng'ombe tu, anakutazama kama anayekuomba msaada. Nikawaambia Gredi ya Tatu tumuunde kwa makatoni, na kila mtu alete kitu cha nyumbani ambacho hakitumiki.

"Na mkia, mwalimu?"

"Mkia mtafute wenyewe. Angalieni picha vizuri."

Wakaleta vizibo, magunia na soksi moja ya mtu. Nashipae, msichana mpole anayekaa mbele kabisa, akaleta manyoya yaliyofungwa kwenye kijiti. Nilifurahi! Nikayachovya kwenye rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka ukuta, nikayagandisha kwa gundi ya mbao, nikaongeza misumari miwili. (Mimi nikianza kazi sibahatishi.)

Leo asubuhi mwenyekiti wa bodi, Mzee Parsaloi, akaingia maktaba kabla ya wenzake. Shuka safi, rungu mkono mmoja, mkono wa pili mtupu. Hotuba yangu ilikuwa tayari.

"Karibu, mzee! Hii ng'ombe yote ni takataka za nyumbani."

"Takataka?"

"Kabisa! Hata mkia. Ni fagio kuukuu tu, sijui ilitolewa stoo gani. Hebu shika uone vile imekaa!"

Mzee akainama. Akashika. Akatazama ushanga uliozungushiwa mpini.

"Mwalimu, hii ni usinga yangu. Nimetafuta tangu Jumanne. Nimegombanisha nyumba yote."

Usinga! Ule anaoupunga akibariki maharusi. Nimeuita fagio. Nimeupiga misumari! Nikaurukia niung'oe haraka, kama vile nikiwa na kasi hatakuwa ameona. Mkia haukutoka. Yalitoka makalio yote ya ng'ombe, nikaanguka nayo chali, vizibo vikanimwagikia kifuani mbele ya mwenyekiti.

Hapo Nashipae akaja mbio, akainamisha kichwa mbele ya mzee asalimiwe. Mzee akakigusa kwa kiganja.

"Shikamoo, Babu."

(Babu! Shule nzima hakuna aliyefikiria kuniambia.)

"Nani alikuambia utoe hii kitu nyumbani?" mzee akamuuliza.

"Babu, si ulisema ilitoka kwa ng'ombe? Nimemrudishia."

Mzee akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya shuka. Akaninyoshea mkono nikainuka, kisha akaomba kuona hicho kitabu. Akakaa mkekani, rungu pembeni, mjukuu akimfunulia kurasa na kumwonyesha kila nzi. Nampenda sana yule mtoto, jamani, hata kama ameniua.

Bodi ilipoketi ofisini, nilipita karibu na dirisha kwa bahati. (Nilipita mara sita.) Mara ya sita nikamsikia mzee:

"Hiyo chumba isiguswe. Niko na ng'ombe ndani."

Maktaba imepona. Mimi bado, kwa hivyo atakayecheka, tafadhali acheke akiwa mbali.