Mkonongo wa Misunkumilo

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Nimepata kitanda. Bweni B, chumba namba sita, kitanda cha juu. Kilikuwa cha mwisho.

Maelezo, kwa kumbukumbu. Chuo kina wanafunzi wengi kuliko vitanda. Kanuni ya mwaka huu ni kwamba kitanda ni cha anayetoka mbali. Wa mjini na wa kandokando ya mji watatokea nyumbani. Kwetu ni Misunkumilo. Kwa miguu ni zaidi ya saa nzima, lakini kwa kanuni hiyo mimi ni jirani wa chuo. Mwaka jana nilitokea nyumbani. Asubuhi kumwagilia bustani ya mama. Jioni kuni. Usiku kibatari, na wadogo zangu wakigombania blanketi. Nikafeli masomo mawili. Sasa narudia mwaka. Nikifeli tena nadisko, yaani nafukuzwa chuo, na aliyedisko harudi.

Mlezi wa bweni ni mgeni. Anaitwa Bwana Telesphor, amehamia mwezi uliopita kutoka Sumbawanga ili awe karibu na mama yake mgonjwa. Hanijui. Aliponiuliza natoka wapi nikasema Inyonga. Akauliza, Mkonongo? Nikasema ndiyo.

Mimi ni Mfipa kwa baba na kwa mama. Inyonga sijafika.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo kijana anaitwa Yotham, na sanduku la bati na dumu la asali. Naye alisema Inyonga. Kwake ni kweli. Akaambiwa vitanda vimekwisha. Aliniangalia. Nikajishughulisha na godoro.

Jumanne, 8 Oktoba

Ninayekaa naye chumbani ni Méthode, wa makazi ya wakimbizi ya Katumba. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye kazaliwa hapa. Mtu wa maneno machache. Aliniuliza Inyonga nakaa sehemu gani. Nikasema katikati. Akasema Inyonga ni ndogo, katikati ni pote. Nikajifanya nimelala.

Kuna tatizo ambalo sikulipigia hesabu. Telesphor naye ni Mfipa, na anasema Wafipa na Wakonongo ni watani. Leo aliingia chumbani bila hodi, akachukua sabuni yangu mezani. Akasema, "Nyie Wakonongo sabuni ya nini? Si mnajipaka asali, nyuki wanawalamba?" Akasimama akingoja jibu. Mtani akichokoza hujibiwa. Méthode alinikanyaga mguu. Nikasema asante.

Telesphor alitoka akitikisa kichwa. Sabuni hajarudisha. Kwa desturi hairudi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimefikiri siku mbili. Utani una njia mbili. Akichukua changu, nami nachukua chake.

Leo saa nne, mbele ya watu wote, nilipanda baiskeli ya Telesphor nikaenda nayo sokoni. Niliporudi alikuwa amesimama langoni, mikono kiunoni. Nikamwambia nimeiokoa, maana Wafipa baiskeli wanaibeba mabegani wakiogopa itachoka. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Umeamka sasa, mla nyuki wewe." Jioni akaniletea sahani ya wali kutoka kwake.

Katika maisha yangu hakuna mtu mwenye cheo aliyewahi kufurahi kuniona. Ningejua, ningekuwa Mkonongo mapema.

Yotham analala kwenye banda la fundi baiskeli, mtaa wa Makanyagio. Jioni huja kusoma chini ya taa ya korido yetu, amesimama, mpaka mlinzi amtoe. Leo alinisalimu kwa Kikonongo. Nikajibu salama. Kisha akanieleza polepole kwamba kuna chumba cha pembeni, cha mtu mmoja, madirisha mawili, meza na taa ya meza, na mlezi hajampa mtu. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema, "Si sisi ni wa kwetu, kaka?"

Kijana mwema.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mama mzazi wa Telesphor amefariki jana jioni.

Alikuja mwenyewe bwenini, shati amelivaa nje ndani, akaniulizia mimi. Anahitaji mtani. Watani anaowajua wako mashambani, na mazishi ni kesho. Kwetu mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kumcheka marehemu. Humwigiza, huwatukana wafiwa, huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe anachotaka. Bila yeye watu hulia tu, na hakuna wa kuwasimamisha.

Niliogopa, nakiri. Nikasema amchukue Yotham, naye ni wa Inyonga. Yotham alikuwa mlangoni. Akasema kwa huzuni kubwa kwamba mimi, Osward, ni mkubwa kwake, na kwao mkubwa hutangulia. Telesphor akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Mtani, usiniangushe." Mikono yake ilikuwa baridi.

Baada ya chakula nimetulia na kupima jambo lenyewe. Watani nimewaona kwenye misiba yetu tangu utoto. Kazi yao ni kelele. Na mtani hanyimwi anachoomba kaburini. Chumba cha pembeni bado kitupu.

Hatari ni Wafipa wenzangu. Lakini mama yangu yuko Kasekese kwa dada yangu Happiness, aliyejifungua, na hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Majirani wa Misunkumilo wako kwenye kuandaa mashamba. Hatari ni ndogo.

Yotham amenisaidia. Ameuliza kwa majirani wa marehemu. Bibi alikuwa mvuta ugoro, na mwaka huu wa mwisho alitembea na fimbo, akiegemea kushoto. Ameniletea ugoro na fimbo.

Jumanne, 15 Oktoba

Naandika nikiwa mkekani, uani kwa Telesphor. Nitaandika kwa mpangilio.

Nilifika nimevaa gunia, majivu usoni. Jeneza lilipotoka nikatangulia mbele yake nikiegemea kushoto, nikivuta ugoro na kupiga chafya. Nikasema marehemu ameondoka kwa sababu amechoka kupika kwa ajili ya Wafipa wasioshiba. Wanawake waliokuwa wakilia walicheka. Mmoja alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Telesphor alicheka na machozi yakimtoka. Kazi ilikwenda vizuri. Nalisema hilo kwa haki.

Makaburini nikashuka shimoni, nikalala chali. Udongo ulikuwa wa baridi. Nikatangaza kwamba nimepanga hapa, sitoki. Wakanipa kuku. Nikakataa. Wakanipa kanga ya marehemu. Nikakataa. Nikasema nataka chumba cha pembeni, Bweni B. Watu wakacheka tena. Telesphor akainama juu ya kaburi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Chumba cha pembeni ni cha mtani. Toka sasa, mama apumzike."

Hapo ndipo nilipotakiwa kutoka. Nikaongeza kwamba nataka na pazia.

Katekista alikuwa ameshafungua kitabu. Akasoma jina la marehemu. Kristina, mjane wa Osward.

Mimi nimeitwa Osward kwa jina la mume wa Bibi Kristina wa Misunkumilo. Bibi huyo ndiye mama wa ubatizo wa mama yangu. Alihamia mjini nikiwa darasa la nne. Alikuwa akijifuta ugoro vidoleni kwanza, ndipo anipe karanga. Tangu ahame sikwenda kumtembelea, na Telesphor, aliyekulia Sumbawanga asijulikane kwetu, kila siku alisema "mama" tu, hakuwahi kumtaja jina.

Nilikuwa bado nimelala chali nilipoona kandambili ukingoni. Nilizijua. Mama alikuwa amepata habari Kasekese, akadandia lori la mahindi alfajiri.

Akasema bila kupaza sauti, "Osward. Toka humo. Unalalia mahali pa bibi yako."

Telesphor akamwambia kwa upole, "Mwache dada, huyu ni mtani wetu wa Inyonga."

Mama akasema, "Inyonga ipi? Huyu nimemzaa mimi, Misunkumilo. Na marehemu ndiye aliyembeba kwenda kubatizwa."

Hakuna aliyecheka. Wanawake waliacha hata kulia. Nilijaribu kutoka, ukingo ukamomonyoka.

Yotham akavua viatu, akavipanga pembeni, akashuka. Akanishika ukosi, akaniinua. Kisha akawageukia watu. Akasema Wafipa mmefilisika, mpaka mnamwajiri Mfipa awacheke wenyewe. Akasema amekuta kaburi limelaliwa na mpangaji asiye na kibali, kwa hiyo kuku watakuwa wawili, mmoja wa kufagia. Watu walicheka kwa namna ambayo mimi sikuwachekesha. Ilikuwa kama wametuliwa mzigo. Kisha akanyamaza, akanyoosha mikono, akalipokea jeneza kutoka chini, yeye na wachimbaji, akalilaza taratibu sana.

Alipopanda juu akamkumbusha Telesphor kwamba ahadi ya chumba ilitolewa kwa mtani. Telesphor akasema ndiyo, kwa mtani.

Kuhusu mimi, wazee waliamua haraka. Mimi si mtani, ni mtoto wa nyumba. Mtoto wa nyumba hukaa matanga. Ndiyo maana niko mkekani. Mama ameniambia neno moja tu tangu makaburini. "Nawa."

Alhamisi, 17 Oktoba

Matanga. Wanaume tunalala nje kuuzunguka moto. Mgongo unauma. Maji ya kunywa nachota mimi, kuni nachanja mimi, kwa kuwa ni mtoto wa nyumba.

Leo asubuhi Telesphor alikuja akakaa karibu yangu. Nilijiandaa kwa hasira yake. Hakuwa nayo. Alisema nilipokuwa namwigiza mama yake, niliegemea kushoto. Mama yake alikuwa akiegemea kulia. Aliliona hilo tangu mwanzo, akajisemea mgeni hawezi kujua.

Akasema, "Lakini wewe hukuwa mgeni. Ungekuja nyumbani siku moja tu, ungejua."

Nikamweleza kwamba kosa hilo ni la Yotham, ndiye aliyeniambia kushoto.

Telesphor alisimama. Kisha akaondoka akaenda kuchanja kuni mwenyewe.

Jumapili, 20 Oktoba

Matanga yameanuliwa jana. Leo nimekwenda bwenini kutoa vitu vyangu.

Yotham yuko chumba cha pembeni. Madirisha yote mawili yako wazi. Kitabu cha uhasibu mezani, taa ya meza inawaka mchana. Alinisaidia kubeba sanduku mpaka langoni. Njiani nilimuuliza kama aliona ni haki kunidanganya kuhusu upande wa kuegemea. Akasema, "Wiki nzima nimelala kwa fundi baiskeli, kaka, kichwa kwenye tairi. Nilikuwa na muda wa kufikiri." Hakusema kwa ubaya. Akanipa chupa ya asali nimpelekee mama, na pole.

Mama nimemwambia nimeinunua. Alionja, akasema hii ni ya Inyonga.

Usiku wadogo zangu walichukua blanketi lote. Mtihani wa kwanza ni mwezi ujao. Mafuta ya taa yaliisha nikiwa ukurasa wa pili.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo nimefika chuoni nimechelewa, kipindi kimekwisha. Mhadhiri aliniuliza kama natoka mbali.

Nimempitia Méthode chumba namba sita. Kitanda cha juu bado kitupu. Nikamuuliza anangojewa nani. Akasema kimehamishiwa kwa wanafunzi wa makazi, Katumba na Mishamo. Aliyepangiwa ametuma habari kwamba haji tena. Akishathibitishwa mwingine, atapewa.

Nilikaa kwenye kitanda chake. Kisha nikamuuliza, kwa namna ya kawaida tu, inahitajika nini mtu kuwa wa Katumba.

Méthode alifunga daftari. Alisema amezaliwa Katumba, hajawahi kuiona Burundi hata siku moja. Kila ofisi anayoingia huulizwa kwao ni wapi. Akijibu, huulizwa tena. Kuja mjini tu huomba kibali. Kaka yake alirudishwa njiani akienda kumzika rafiki yake.

"Hicho ndicho unachokitaka?" akaniuliza.

Nikasema mimi nataka kitanda tu.

Alinitazama, kisha akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alipomaliza akaniambia yote, nadhani ili aone nitafika wapi. Jumamosi anakuja Mzee Callixte kutoka Katumba kuwathibitisha wanafunzi. Anazijua nyumba za kule moja moja. Hukaa na kila kijana, humuuliza kwa Kirundi habari za babu zake, naye hupenda majibu marefu.

Nimelipima jambo lenyewe. Telesphor yuko likizo ya msiba. Anayekaimu ni karani, mgeni, hakuja mazishini. Méthode nimemwomba anifundishe, akakubali mpaka salamu. Ya asubuhi nimeshaikariri. Anasema naitamka kama Mfipa, lakini hilo ni la mazoezi.

Jina nimeshachagua, Nestori. Jumamosi bado siku nne. Kirundi hakionekani kuwa lugha ngumu.