Zagayu Tumefukia, Madola Makubwa Mnangoja Nini?

Zagayu, Bariadi
2 Julai 1995

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Gazeti lako lilinifikia likiwa limefungiwa chumvi ya dukani, na humo nikasoma kwamba madola makubwa, baada ya miaka mingi mezani, yamekubaliana kupunguza mabomu. Eti kupunguza! Nusu ya habari ilichanika, ila niliyosoma yametosha kunikera.

Mimi ni kiongozi wa ngoma ya Bagalu. Kila tukishavuna pamba tunashindana na kundi la Bagika la mkwe wangu Mayige, na kila upande huja na dawa ya kumlegeza mwenzake. Mwaka juzi ngoma yangu kubwa ilipasuka katikati ya uwanja. Nikajua ni pembe za dawa za Mayige, nikasema mbele za watu. Tangu hapo binti yangu Milembe, aliyeolewa na mwanawe, hajakanyaga kwangu. Mjukuu wangu ana meno sita na sijambeba hata mara moja.

Mwezi uliopita pande zote mbili tulichoka. Katekista Januarius alichimba shimo, tukatupa dawa zote, tukafukia. Kwa hiyo naomba unifikishie haya kwa wakubwa hao:

1. Kupunguza ndiyo nini? Nikienda kwa Mayige na mikuki saba kwa kuwa mitatu nimeiacha nyumbani, atanipa kigoda?

2. Mnagombana nani akague. Sisi alitukagua Eufrasia, mama muuza chumvi, kwa mikono yake, hadi ndani ya magunia ya pamba. Ninyi mna vyombo huko angani na bado mnaulizana.

3. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Huo ni utoto, na watu wazima mnavaa tai. Sisi tulihesabu hadi tatu, tukatupa pamoja.

4. Kama mmeshindwa, yaleteni mabomu hayo Zagayu. Ardhi ipo, na Januarius amekubali kuchimba tena. Tunaomba tu msiegeshe magari kwenye pamba.

Wapo wanaosema amani ya dunia ni ndoto. Mimi natumaini, tena sana, kwa sababu Jumamosi Milembe analeta mtoto.

Nisalimie wote hapo ofisini, na wapiga chapa, na yeyote atakayefungiwa chumvi kwa barua hii. Salamu kwa Kisukuma chetu: mwangaluka.

Wako, niliyekwisha kufukia silaha,
Marcelo Shigela

Nyongeza: Kabla sijaipeleka posta, Milembe amefika. Mtoto alininyooshea mikono, anacheka. Lakini shingoni amefungwa kipembe chenye ushanga mweusi. Nakijua, ni cha Mayige, na shimoni hakikuingia. Bahati nzuri nami nilibakiza kimoja kwenye paa, cha kujihami tu. Nimewarudisha kabla hawajaketi. Aanze Mayige kwanza. Barua uichape hivyo hivyo, maana dunia inahitaji mfano.