Vita Kwenye Sinia

Jumatatu, 3 Machi

Kozi ya usajini, siku ya kwanza. Kwa wengine. Kwangu mimi ni mara ya tatu, lakini hiyo ni siri yangu na chuo kizima.

Hakuna mara ya nne. Nikifeli safari hii narudi stoo ya magodoro, nilikokaa miaka tisa, na koplo nitabaki mpaka nistaafu. Hilo ningelimeza. Lakini naingia bwenini na begi langu, nani anatandika kitanda mkabala na changu? Shemeji! Mdogo wake mke wangu, mwanamume mzima sasa, na koplo vilevile. Huyu nilimfundisha mimi mwenyewe kufunga kamba za buti. Juzi tu alikuwa kuruta. Akipata yeye nikakosa mimi, nitakuwa nasimama mguu sawa mbele yake na kumwita afande. Kambini. Harusini. Sebuleni kwangu, mke wangu akiangalia!

Nimemkumbatia. Nimemwambia nimefurahi mno kumwona. Uongo mtupu.

Jumanne, 4 Machi

Somo la uongozi. Anatufundisha Kapteni, mwembamba, mpole, ana kidaftari cheusi mfukoni. Kidaftari hicho ndicho kila kitu. Anachoandika humo ndicho kinachokupa cheo au kukurudisha ulikotoka.

Kasema kiongozi wa kweli anaanza kwa kutii amri. Nimeandika. Nimepiga mstari mara mbili.

Mchana nikapewa seksheni ya watu wanane, nikaambiwa tusubiri uwanjani mpaka tuitwe. Shemeji naye akapewa yake, akaambiwa hivyohivyo. Tukasubiri. Mvua ikashuka. Mimi nikatii. Tukalowa chapachapa, mmoja akaanza kupiga chafya, nikamwamuru aache. Shemeji kawaingiza watu wake karakanani bila kumwuliza mtu, kamwacha mmoja mlangoni asikilize wakiitwa. Nikakaa nasubiri aadhibiwe. Raha gani hiyo!

Kapteni kaja na mwavuli. Kaandika kidaftarini, kamwambia Shemeji safi sana. Mimi kaniuliza nilikuwa nasubiri nini. Nikasema amri, afande. Akasema kiongozi hasubiri kuambiwa kila kitu, anaamua.

Sasa lipi? Kutii au kuamua? Nimelala chali kitandani na daftari langu kifuani. Sielewi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeamua. Ratiba ilisema seksheni yangu ikafanye usafi wa silaha saa mbili. Nikaona hapana, kiongozi anaamua. Nikawapeleka kukimbia kilomita sita.

Tuliporudi tumemkuta Sajinimeja mlangoni mwa ghala la silaha. Tunamwita Filimbi kwa sababu ya sauti yake, inapita masikioni inatokea upande wa pili. Kaniuliza nani kanituma. Nikajibu kwa fahari kwamba hakuna, nimeamua mwenyewe! Nilitegemea pongezi. Tumepiga pushapu hamsini, wote tisa. Yule wa chafya hanisemeshi tena.

Nimemwuliza Kapteni kwa heshima zote, kiongozi anatakiwa afanye nini hasa. Kasema inategemea hali. Nikamwuliza hali inategemea nini. Kaandika kitu kidaftarini. Sijui ni kizuri au kibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yamenyooka! Kapteni katangaza mtihani wa mwisho. Jumatatu kila mmoja kwa zamu yake ataongoza shambulio la mazoezi. Kabla ya kwenda, kiongozi anachora ramani ya mchanga hapohapo chini, kilima hapa, kijito pale, adui kule, kisha anatoa amri zake watu wakitazama. Muda wa kuchora ni dakika kumi.

Wenzangu wote watachuchumaa vumbini na vijiti kama kuku. Mimi nitaitengeneza kabla, juu ya sinia! Siku ya siku inabebwa tu, inawekwa chini, watu wanabaki midomo wazi. Mara mbili nimefeli mtihani huu kwa kushindwa kumaliza kuchora. Safari hii hata kuanza sianzi.

Mpishi mkuu kagoma kutoa sinia kubwa. Nikamwambia ni kwa ulinzi wa taifa. Kaniambia na lile nililoazima mwaka jana, likarudi na tundu, lilikuwa kwa ulinzi wa taifa gani. Mwishowe kanipa nimwondokee.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima nyuma ya bweni. Kilima cha udongo wa mfinyanzi. Kijito cha uzi wa bluu. Miti nimeng'oa kwenye brashi ya viatu. Adui ni viberiti vitatu juu ya kilima. Nimeipenda mpaka nimeogopa kuipumulia.

Shemeji kapita. Kasema ni nzuri kweli, hajawahi kuona kama hii. Halafu, kwa ule upole wake unaoudhi, kauliza, “Ila Shemeji, kaskazini umeweka alama wapi?” Nikamwambia kaskazini ni juu, mtoto wa shule anajua. Akauliza je, sinia likigeuzwa? Nikamwambia aende akapige pasi gwanda lake. Wivu huo!

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandike nini. Naandika kilichotokea.

Nimepangiwa Shemeji awe msaidizi wangu. Sawa. Wawili wakabeba sinia, wakazunguka kichaka cha miiba, wakaliweka chini. Watu wakashangaa! Hata Kapteni kainama kutazama viberiti. Nikatoa amri dakika ishirini bila kumeza mate. Adui yuko juu ya kilima, mbele yetu, kijito mkono wa kushoto. Nikanyoosha kidole mbele.

Shemeji kainua mkono. Kauliza kama pengine wabebaji waligeuza sinia pale kichakani, maana kilima chenyewe anakiona nyuma yetu. Nikamwambia kiongozi hapa ni mmoja. Katoa dira. Nikamwambia arudishe dira mfukoni, tumeshaamua. Kanikumbusha tena, na tena. Nikauliza amri ni ya nani. Hapo akakaza mwili, akasema, “Sawa, afande.” Afande! Kaniita afande! Nilisikia raha mwilini mpaka kwenye soksi.

Tukaenda. Kijito kilikuwepo, yaani mtaro, ila mkono wa kulia. Nikaona ni jambo dogo. Kilima kilikuwepo, yaani mwinuko. Na juu yake hema! Ndani mnasikika watu wanazungumza. Adui yule! Tukafyatua risasi za mazoezi, tukapiga ukelele, tukavamia.

Ndani alikuwa Mkuu wa Chuo na wageni wawili wenye nyota nyingi mabegani. Walikuwa wamekaa na darubini zao, wametazama kilima upande wa pili, wanasubiri kutuona tukishambulia kule. Mgeni mmoja kaingia chini ya meza. Birika la chai limemwagikia ramani. Nikaamuru mikono juu. Mkuu wa Chuo kainua mikono! Kwa mshtuko, nadhani, lakini kainua.

Shemeji kaingia nyuma yangu. Kawaamuru watu watoe risasi, kamtoa mgeni chini ya meza, kamfuta chai, kaomba radhi kwa wote. Kisha kaitazama dira yake, kawachukua wanaume wote wanane, kaenda nao kwenye kilima chenyewe. Nusu saa tu wamekiteka. Mimi nilibaki kulinda mateka wangu mpaka Filimbi aliponinyang'anya bunduki.

Kapteni kaandika kurasa nne. Nimezihesabu. Habari za Shemeji hazikujaa hata ukurasa mmoja. Hilo linanipa moyo kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Matokeo. Shemeji wa kwanza, tepe tatu begani. Mimi sikutajwa. Nimesimama pale mstarini mpaka jina la mwisho, sitaki kuficha. Nilitaka sana. Nilitaka kupita walau mara moja kabla yake.

Kaja bwenini kunitafuta. Nikasimama mguu sawa, nikasema hongera, afande. Kaniambia niache, macho yamemlowa, akanishika mabega. Ningemchukia kwa raha zangu kama asingekuwa mtu mwema hivi.

Halafu Kapteni kaniita ofisini, na mambo yote yakageuka! Kasema wageni wamelizungumzia shambulio langu siku mbili mfululizo. Kasema katika miaka yake yote chuoni hajaona mtu aliyekusanya mengi kiasi hicho kwenye zoezi moja. Kaniuliza kama naweza kulirudia vilevile, hatua kwa hatua, mbele ya kila kozi mpya, wanafunzi wakitazama na kuandika. Stoo ya magodoro watatafutiwa mtu mwingine. Nikauliza, basi mimi ni mkufunzi, afande? Kakohoa. Kasema kwa namna fulani.

Mkufunzi! Wa uongozi!

Shemeji kajaribu kunieleza kitu. Eti wanafunzi watakuwa wanatazama ili wajue cha kukwepa. Nikamwambia taratibu kwamba amepata tepe, na amwachie na mwenzake apate chake. Kaniombea heri.

Nimemwandikia mke wangu kwamba mdogo wake ni sajini, na mumewe ndiye atakayewafundisha masajini. Sasa naandaa somo la kwanza. Wanafunzi ni arobaini, sinia halitatosha wote kuona. Nimemwomba fundi seremala anitengenezee meza ya duara yenye magurudumu, inayozunguka pande zote.