Wiki Bila Kelvin

Jumatano, 6 Mei
Nimejiunga! Dola tisa kwa mwezi. Unaiandikia programu hii ya simu neno usilotaka kuliona, nayo inaliondoa kwenye magazeti, video, hata jumbe za watu. Nimeanza na kamari. Kisha uchaguzi. Kisha, bila kusita, Kelvin. Huyu ni baba mkwe wa binti yangu Imogen, na bingwa wa shindano la wanaume la kuoka keki kwenye maonyesho ya kilimo ya mji wetu wa Gympie, miaka minne mfululizo. Gazeti letu halina habari nyingine.

Ijumaa, 8 Mei
Raha iliyoje. Nimesoma makala nzima kuhusu nyuki, mwanzo hadi mwisho. Kumbe nusu ya hasira zangu nilikuwa naletewa tu, hazikuwa zangu. Nimekaa na wazo hilo hadi chai ikapoa.
Mwaka huu nashindana naye, ila keki yangu ya majaribio imetoka na alama za wavu wa kupozea. Waamuzi hawasamehe alama za wavu.
Imogen kimya. Anajifungua mwezi huu, mjukuu wangu wa kwanza, na aliahidi mimi ndiye nitakayeitwa kwanza.

Jumapili, 10 Mei
Siku ya Akina Mama. Nimempelekea marehemu mke wangu maua. Siku kama hii Imogen hakosi kuandika. Nilitaka kumpigia, nikaona atasema namsumbua. Inaniuma.
Jana Kelvin aligonga mlango wee. Nikajilaza nyuma ya meza mpaka akaondoka. Alikuja kuipeleleza keki, nini kingine? Hii ya pili nimeipoza juu ya taulo. Haina alama hata moja.

Jumanne, 12 Mei
Doreen wa duka la dawa ameniuliza mjukuu ana kilo ngapi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema mtoto ana siku tatu, mzee wangu, na picha zake Kelvin ameshaonyesha mji mzima.
Nyumbani nikafungua pale programu inapotupa ilichokichuja. Jumbe kumi na moja. Baba, uchungu umeanza, Kelvin anakuja kukuchukua. Baba, Kelvin anasema hufungui. Baba, ni msichana, Kelvin amembeba, uko wapi?
Nimekaa sakafuni.

Jumatano, 13 Mei
Bundaberg, mjini kwa Imogen. Nimempakata mjukuu wangu. Nimelia mbele ya watu. Kelvin akaniachia kiti chake, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Imogen alisema nimezoea kusikia ninachokitaka tu, hata mama yake alikuwa akilalamika. Ni kweli.

Ijumaa, 15 Mei
Nimekuwa mtu mzima. Jina la Kelvin nimelifuta kwenye orodha ya maneno yanayochujwa. Kashinda tena, na nimesoma habari yake yote.
Lakini jumbe za Imogen hazikomi. Ana haki, sikatai, ila lawama kabla ya kifungua kinywa zinaharibu siku nzima. Nimezichunguza kwa makini. Zote zinaanza na neno moja: Baba.
Nimeliongeza kwenye orodha. Simu imetulia kabisa.