Tabia Nchi na Tabia Yangu

Jumatatu, 6 Mei

Ziwa limefika kwenye ngazi ya mgahawa wetu. Wiki jana lilikuwa kwa jirani wa chini, na jirani huyo amehamia kwa dada yake kule Gatete na magodoro yake yote. Chausiku, mke wangu, mama wa Jamila wetu, anasema ziwa linakuja, tuondoke. Mimi nasema ziwa linatembea tu. Limekuja, litarudi.

Lakini leo sina nafasi ya kufikiria ziwa. Nimeona tangazo ukutani kwenye duka la mafuta ya mawese. Mkutano kesho, shuleni, juu ya mabadiliko ya tabia nchi. Kila mtaa utachagua mjumbe. Mjumbe atapewa jile, kizibao chenye maandishi mgongoni! Tena ndiye atakayekaa na shefu Dismasi, mkuu wa eneo letu, wakati wa kugawa viwanja vya kule mlimani kwa watu wanaofukuzwa na maji.

Nimelisoma tangazo polepole. Tabia. Ya nchi. Hatimaye! Tabia ya nchi hii imeharibika kabisa na mimi nina mifano. Mfano wa kwanza ni Anwari, jirani yangu wa upande wa kulia, muuza samaki wa kukaanga, anayemwaga magamba upande wangu na kuniita shehe huku akicheka. Nimetayarisha hotuba. Nimepiga pasi kanzu.

Chausiku ameniuliza kama nimekwenda kwa shefu kutuandikisha kwa ajili ya kiwanja, maana mwisho ni wiki ijayo. Nimemwambia mtu anayekaribia kuwa mjumbe hajiandikishi. Anaandikisha wengine.

Jumanne, 7 Mei

Aibu. Sitaeleza.

Nitaeleza. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Aliyeitisha mkutano ni Madamu Kornelia, mwalimu wa jiografia, aliyekulia ukimbizini Tanzania na kurudi na Kiswahili kilichonyooka kuliko kanzu yangu. Akauliza nani angependa kuanza, aseme anachojua kuhusu mabadiliko ya tabia nchi. Nilisimama kabla hajamaliza.

Nikasema zamani watoto walikuwa wanasalimia. Nikasema siku hizi watu wanaazima sufuria na kurudisha kifuniko. Nikasema wapo wanaomwaga magamba kwa wenzao, simtaji mtu, yuko pale mlangoni amevaa shati la kijani. Nikamaliza kwa kusema kwamba dawa ya tabia nchi ni moja tu, nayo ni kiboko.

Halafu darasa zima likaangua kicheko. Shefu Dismasi alijifunika uso kwa kofia. Anwari alitoka nje kidogo kupumua.

Madamu Kornelia peke yake hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Akaeleza kwa upole kwamba hali ya hewa ni mvua, joto na upepo wa leo na kesho, lakini tabia nchi ni mwenendo wa hayo yote kwa miaka mingi, thelathini hivi, ndipo mtu aseme mahali fulani pako hivi au vile. Na sasa mwenendo huo unabadilika. Akaona bado tunamkodolea macho. Akatafuta mfano, na mfano ukawa mimi.

"Mzee Alimasi akikasirika leo, hiyo ni hali ya hewa," akasema. "Akikasirika miaka thelathini, hiyo sasa ni tabia."

Nyuma kabisa Chausiku akaitikia kwa sauti kwamba hapo ameelewa vizuri. Wanawake wote wakageuka kumtazama, kisha wakanitazama mimi, nao wakaelewa. Tumeoana miaka ishirini na tisa. Kwa hesabu ya Madamu nina mwaka mmoja wa kujirekebisha kabla haijawa tabia.

Mjumbe amechaguliwa. Ni Anwari.

Alhamisi, 9 Mei

Anwari analivaa jile hata akikaanga samaki. Limeshaingia mafuta. Nimeamua kumshinda kwa sayansi.

Nimemfuata Madamu Kornelia shuleni, kwa heshima zote, nikamwomba anifundishe tangu mwanzo. Akanifundisha. Jua linapasha dunia joto, na dunia inalirudisha joto hilo juu. Lakini angani kuna hewa zinazozuia joto lisitoke lote, na bila hizo tungeganda. Shida ni kwamba binadamu tunaziongeza kwa kuchoma mafuta, makaa na misitu, na sasa dunia iko kama sufuria iliyofunikwa. Hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo ukishuka, unashuka kwa fujo. Ziwa letu linapokea mvua na mito kutoka kila upande. Maji mengi yanachukuliwa na jua, na yanayobaki yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Yakiingia mengi kuliko yanayotoka, ziwa linapanda. Akanisihi nisiseme kwamba mvua fulani ya siku fulani imeletwa na jambo fulani, maana wataalamu wanatazama miaka.

Mimi nilitoka pale na vitu viwili tu. Mlango na kifuniko.

Nikaanza na mlango. Shemeji yangu Karimu, kaka yake Chausiku, anaishi Kalemie, pale pale Lukuga inapotokea. Nikampigia simu. Nikamwomba achukue jembe, aende akaangalie ni kitu gani kimekwama. Akasema ananisikiliza akiwa amekaa juu ya meza, na mbuzi wa jirani wako kitandani kwake. Simu ikakatika, au aliikata.

Nikabaki na kifuniko. Nikafikiria. Ni nani ufukweni hapa anatoa moshi mchana kutwa? Anwari! Mjumbe mwenyewe! Nikaenda kwa shefu Dismasi kumshitaki kwamba moshi wa samaki wake unapandisha ziwa. Shefu akanisikiliza vizuri, akamwita Madamu. Madamu akasema hewa zenyewe hazionekani kwa macho, zinatoka kwenye magari na viwanda vya dunia nzima, na jiko la Anwari ni kitu kidogo mno. Tena, akasema, likihesabiwa la Anwari na langu la mandazi lihesabiwe, maana linawaka kabla ya lake.

Shefu akaniuliza kama nilitaka na kujiandikisha kwa kiwanja, maadamu nimefika. Nikasema hapana. Mtu aliyekuja kushitaki hawezi kuondoka ameomba.

Jumamosi, 11 Mei

Ushahidi!

Jana saa ya alasiri nilichomeka kijiti pale maji yalipoishia. Leo asubuhi nimekwenda kutazama. Maji yamerudi nyuma! Kijiti kiko pakavu, kimesimama peke yake kama askari! Ziwa linashuka! Nilisema mimi!

Nimetangaza msikitini, sokoni na kwa kinyozi. Kesho baada ya alasiri watu wote waje waone kwa macho yao. Nimemwalika hata mjumbe, na jile lake.

Chausiku alikuwa anakanda unga. Akaniomba kwa mara nyingine niende kwa shefu. Nimemwambia kiwanja cha mlimani ni cha watu waliokata tamaa. Akaacha kukanda. Kisha akaendelea kukanda, kwa nguvu, na mandazi ya leo wateja wameyavunja kwa viwiko.

Mgahawa huu ulikuwa wa mama yake. Jiko la udongo lililomo ndani, marehemu mama mkwe alilifinyanga kwa mikono yake, na alama za vidole vyake bado ziko pembeni. Najua. Ndiyo maana sitaki tuhame, kwa sababu jiko lile halibebeki na naogopa kumwona Chausiku akiliacha. Hilo sikumwambia. Nilimwambia habari za kijiti.

Jumapili, 12 Mei

Walikuja wote. Hata watu wa kutoka Magara walioleta samaki walisimama kutazama. Nikatoa hotuba fupi. Nikawaongoza mpaka kwenye kijiti.

Hakuna kijiti.

Maji yamepita pale, mawimbi yanapiga ngazi. Nikasema subirini. Nikaingia majini na kanzu yangu nikikitafuta kwa vidole vya miguu. Nikateleza. Kuhusu sehemu hiyo inatosha.

Madamu Kornelia akawaeleza watu, na hakunicheka, na nilitamani anicheke. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na upepo wa ziwani unakuja kuchukua nafasi yake, ukisukuma mawimbi kwetu. Usiku nchi kavu inapoa haraka, upepo unageuka, unateremka kutoka milimani na kuyasukuma maji upande wa Kongo. Kwa hiyo kila asubuhi ufuko unaonekana mpana, na kila alasiri mwembamba. Ziwa halijashuka. Mzee Alimasi amepima upepo, akasema.

Anwari akauliza kama naweza pia kupima moshi. Wale wa Magara hawakujua habari za moshi, wakaelezwa.

Jioni Anwari alikuja nyumbani kunirudishia kijiti. Alikiokota mbele ya meza yake. Amekifunga kwenye gazeti kama samaki.

Jumatano, 15 Mei

Mvua tangu alfajiri. Maji yameingia mgahawani wakati wa chai ya asubuhi. Hayakuja kwa kishindo. Yalipita chini ya mlango kama mteja. Wateja wenyewe wakanyanyua miguu juu ya mabenchi, na mimi nikawaambia hiyo ni huduma mpya. Wawili walicheka. Wengine walilipa wakaondoka.

Halafu jiko la mama mkwe likaanza kumeguka chini. Chausiku alipiga magoti mbele yake, akawa anayazuia maji kwa mikono. Kwa mikono! Sijawahi kujiona mpumbavu kama saa ile, na nimejiona mpumbavu mara nyingi, hata wiki hii. Nikakimbia.

Nilikimbia kwa shefu Dismasi, nimelowa, bila mwavuli wala kandambili moja. Nikamwomba aandike jina langu kwa ajili ya kiwanja. Nikamwambia nilikosea juu ya ziwa, juu ya moshi na juu ya viboko. Shefu akanitazama kwa huruma.

"Mama Jamila alikuja tangu siku ile ya kijiti," akasema. "Parseli iko kwa jina yake."

Nikauliza, na mimi?

"Na weye uko, muzee. Uko chini kidogo, pamoja na vyombo."

Ijumaa, 17 Mei

Tumehama.

Chausiku alikuwa na mpango wake tayari, tangu zamani, na mimi nilikuwa ndani ya mpango kama mbebaji. Alilibomoa jiko mwenyewe, polepole, akiongea nalo kwa sauti ya chini. Akasema udongo wa mama haubaki majini. Basi nimeubeba udongo ule kichwani, karai baada ya karai, mpaka juu mlimani, na chembe zake ziko masikioni mwangu hata sasa.

Siku nzima sikutoa wazo hata moja. Sikumshauri mtu. Anwari naye anahama, kiwanja chake kiko upande wangu wa kulia tena, nani alipanga hivi sijui, ingawa mjumbe ni yeye. Alinisaidia kubeba mabenchi. Akamwaga magamba njiani mbele yangu. Nikayaruka. Nikamshukuru! Akanitazama kama mgonjwa.

Jioni Chausiku akawasha moto kati ya mawe matatu, akanimiminia mimi chai ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa moshi. Nikaona ni wakati mzuri. Nikamwuliza kama ameona nilivyobadilika.

"Leo umekuwa muzuri, Baba Jamila," akasema. "Lakini hiyo ni hali ya hewa."

Nilikunywa chai yangu. Alikuwa ameitia sukari nyingi, kama ninavyopenda.

Jumatatu, 20 Mei

Jiko limesimama. Chausiku amelifinyanga upya kwa udongo ule ule, na safari hii alama za vidole ni zake. Wateja wameanza kupanda. Kutoka hapa juu ziwa linaonekana lote, mpaka milima ya Kongo. Ni pazuri, sikatai. Ila nimeona jambo ambalo hakuna mwingine amelifikiria.

Jana mvua ilinyesha, na maji yakapita mbele ya mlango wetu. Hapa! Mlimani! Siku moja tu! Nimepiga hesabu. Ikiwa ziwa lilitoka kule mpaka kwenye ngazi, na likatoka kwenye ngazi mpaka jikoni, basi kwa mwendo huo mwakani litakuwa hapa. Watu watataka kuvuka kwenda sokoni. Nani atawavusha?

Anwari alikuwa na mtumbwi wa zamani, akasema huku juu hana kazi nao. Tumebadilishana. Amenipa mtumbwi, mimi nimempa benchi refu. Alikubali haraka sana, na alikuwa ameanza kucheka kabla sijageuka, kwa wivu. Vijana walioupandisha waliniuliza ziwa liko wapi. Nikawaambia liko njiani.

Nimechomeka na kijiti mbele ya mlango.

Chausiku ametoka na unga mikononi kuuliza kwa nini wateja wanakunywa chai wamesimama, na benchi liko wapi. Halafu akauona mtumbwi. Mimi nilikuwa nimeketi ndani yake, najaribu kiti. Nimemwambia asiwe na haraka, asubiri, tabia nchi inabadilika.

Akajipangusa unga mikononi.

"Haibadiliki," akasema. "Niko naiona. Imekaa mu mutumbwi."

Ameniumiza. Tena si haki. Bado nina mwaka mmoja.