Mkono wa Sponji

Jumatatu, 3 Machi
Ijulikane kwa vizazi vyote vitakavyofungua daftari hili: leo saa nne asubuhi ndege ameingia nyumbani kwetu. Kasuku mdogo, kijani, kichwa njano, mwepesi kama kibiriti. Nimemwita Meneja, kwa sababu anakaa juu, hafanyi kitu, na anafokea kila anayepita. Tundu lake nimelitundika kando ya cherehani yangu.

Mke wangu ametoa sharti. Jumapili ikifika hajatua mkononi mwangu, anakwenda kwa shemeji, mdogo wake, ambaye ni nesi. Amesema hafugi tena kiumbe anayemwogopa mwenye nyumba, yule sungura wetu wa mwaka jana alitosha. Nimekubali bila kusita. Mimi huzoeleka haraka.

Jumanne, 4 Machi
Muuza ndege aliagiza hivi: ingiza mkono tunduni, usiutikise, robo saa, mara nne kwa siku. Nimeingiza. Meneja amekimbilia pembeni na kunitazama kama mteja aliyeshonewa suruali fupi. Dakika ya tatu, ganzi. Dakika ya tano amekuja mwalimu wa kwaya kuulizia sare zake. Ameuliza kama mkono umenasa. Nimemjibu niko kazini. Amesema kazi anayoiona yeye iko sakafuni, haijakatwa.

Saa nzima kwa siku nimekaa kama msumari! Fundi hana saa hiyo. Njia ya mkato lazima ipo.

Jumatano, 5 Machi
Ipo. Nimeshona mkono.

Vidole vitano, kitambaa cha kahawia kinachokaribiana na rangi yangu, sponji ndani, waya kwenye kidole cha shahada ili kisimame. Nimeufunga tunduni. Meneja anazoea, mimi nashona sare. Nashangaa dunia nzima haijawahi kulifikiria hili.

Mke wangu ameutazama, amerudi jikoni, kisha amerudi tena kuuliza kama na yeye naweza kumshonea mume, mtulivu namna hiyohiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi. Meneja ametua kidoleni. Ni cha sponji, sawa, lakini vipimo ni vyangu. Amekiimbia. Amekichokoachokoa kwa mdomo kwa mahaba ambayo mimi sijayaona tangu harusi.

Shemeji amepiga simu kuulizia. Mke wangu amemwambia ndege amependa mkono. Nimesikia shemeji akiuliza, mkono wa nani, na kicheko kilichofuata kimefika hadi kwenye cherehani. Wivu huo.

Mke wangu ameshauri niingize wangu wa kweli, hata dakika tano tu. Nimemweleza kwa upole kwamba mkono ni mkono.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amefika saa tisa na kujivutia kiti mbele kabisa.

Nimetoa mkono wa sponji, nimeingiza wangu. Meneja amepiga kelele, ameniuma kidole gumba hadi damu, kisha amejibana kwenye nyaya akiulilia ule uliokuwa mezani. Shemeji amenifunga bandeji huku akinipa pole isiyo na pole ndani yake. Amesema, "Shem, usimlaumu. Amekuzoea ukiwa hupo."

Halafu bila kuombwa ameingiza mkono wake na kuutuliza. Wakaanza kuongea na dada yake habari za zamu za hospitali. Robo saa. Mkono haukutikisika. Meneja akasogea, akanusa hewa, akapanda kidoleni kwake. Mke wangu aliangalia kalenda.

Nimeomba wiki moja zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari na kosa nimeliona. Ni kitambaa. Kahawia ile imepauka, ndege yeyote mwenye macho angetofautisha. Tena mkono peke yake hautoshi, kiumbe anataka kumjua mtu mzima. Mabega nimeshakata. Kichwa nimeanza, masikio yananisumbua kidogo. Ikifika Jumamosi nitakuwa nimeketi kando ya tundu mzimamzima, na shati la kola, saa ishirini na nne kwa siku, bila kuacha kazi. Hakuna ndege atakayenikimbia.

Mke wangu ameuliza ndege yupi.

Shemeji aliondoka jana saa kumi na mbili jioni na Meneja, tundu, na mfuko wa uwele.