Leso Yangu na Piano ya Mwende

Leo nimeaibika, wamama, tena nikiwa nimevaa vile viatu vya harusi ya Mutheu. Naandika haraka kabla Mama Kasyoka hajawafikia na hadithi yake, maana alikuwa pale na simu yake haiishiwi data.

Mnajua mjukuu wangu Mwende, huyu anayeniita Susu, alikuwa na mashindano ya piano huku Kitui mjini. Si kwaya, si ngoma. Piano, ile ya watu kukaa kimya. Watoto wawili tu ndio wangechaguliwa kwenda Nairobi, na Mwende amefanya mazoezi kwa kinanda cha kanisa letu kule Kalamba, Makueni, mpaka akikaa kula, vidole vinapiga meza. Anaitaka hiyo Nairobi kuliko chakula. Nikasema huyu haendi bila mimi. Nikabeba leso mpya ya kujifunga, ile nyekundu ya maua, nimtuze akimaliza. (Shida ilianzia hapo. Ilikuwa kwa begi.)

Kabla ya kuanza, jaji mkuu, Bwana Mutua, akasimama kutuelezea. Mtu mpole, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua. Akasema hawatafuti mtoto wa kupiga mbio. Wanaangalia amekaaje kwenye kiti. Wanasikiliza kama anajisikiliza mwenyewe, kama anajua pa kupiga polepole na pa kupiga kwa nguvu.

"Na kukitokea kitu cha kumvuruga," akasema, "tunaangalia atarudije kwenye wimbo."

Nikatingisha kichwa kama msomi. Sikujua hicho kitu cha kumvuruga kimekaa mstari wa pili na kimebeba leso.

Kasyoka wa Zombe akatangulia. Vidole mbio, kama kuku wamemwagiwa mtama! Nikamnong'onezea mama yake, "Wako anakimbia hivyo, ameacha chungu motoni?"

"Ngoja wako, Susu wa Mwende," akanijibu, "tuone kama atafika."

Tukacheka kwa meno tu.

Mwende akaingia, akainama, akakaa. Kiti kilikuwa kifupi, mabega yakampanda kama mtu anayechungulia dirishani. Lakini alipoanza kupiga! Wamama, nilisahau hata goti linaloniuma. Ilikuwa tamu, tamu, halafu akainua mikono na kuilaza mapajani.

Kimya.

Nikangoja makofi. Hakuna. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Watu wamekaa kama wako matangani! Nikawaka. Kwetu mtoto akisoma mstari mmoja wa Biblia, tena aukosee, tunampigia vigelegele ili asivunjike moyo. Huyu amepiga wimbo mzima na ananyimwa hata kofi? Nikajua tu: hawa watu wa Kitui wanamkaushia makusudi mtoto wa Makueni.

Nikasimama. Nikapiga vigelegele, vile vya kupokea bibi harusi. Nikacheza mpaka mbele, mabega yote mawili. Nikamfunga Mwende leso mabegani, nikaugeukia ukumbi.

"Huyu ni Mwende wa Musyoka wa Nzioka wa Kimanzi! Na mama yake ni Ndinda wa Mwikali wa..."

Nilikuwa nakaribia babu wa Mwikali nilipovutwa sketi.

"Susu," Mwende akaninong'oneza, "sijamaliza."

"Hujamaliza nini?"

"Wimbo. Uko na sehemu tatu. Hapo nilikuwa nimepumua tu."

Aiya! Vigelegele vilivyobaki kooni vikageuka kikohozi. Huko nyuma mtu akacheka kwa pua. Nikageuka nitoroke, viatu vya Mutheu vikalia sakafuni: kwiii! Bwana Mutua akainua kiganja.

"Mama, tafadhali. Simama hapo hapo. Mtoto aendelee."

Basi nikasimama. Kando ya piano. Mbele ya watu wote, kama ua la plastiki.

Mwende akaivua leso. Nikafikiri ananirudishia. Wapi! Akaikunja, akaikunja tena, akaiweka juu ya kile kiti kifupi, akaikalia. Mabega yakashuka. Akaanza sehemu ya pili polepole, kama vile hakuna mwanamke mzee amegandishwa hapo karibu naye.

Ikaisha. Kimya tena.

Sasa hapo ndipo nilitamani sakafu ifunguke. Hakuna hata mmoja aliyemwangalia Mwende. Ukumbi wote ulinikodolea mimi! Majaji pia. Bwana Mutua ameshika kalamu hewani, anangoja aone kama nitalipuka. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama Kasyoka akanionyesha kidole gumba. (Nitamkumbuka.)

Sehemu ya tatu ikaisha kwa kishindo. Watu wakasimama, makofi, miluzi! Mimi? Kimya, mikono mdomoni. Sikuwa naamini mtu tena. Mwende akainama, akanivuta mkono.

"Susu, sasa ndiyo."

Nikafungua mdomo. Kikatoka kitu kama mbuzi mwenye mafua.

Matokeo yakasomwa. Wanaoenda Nairobi ni Kasyoka wa Zombe na Mwende wa Kalamba! Bwana Mutua akapangusa miwani. "Kasyoka ana vidole," akasema. "Mwende tulimpenda kwa vile alivyorudi kwenye wimbo. Sisi majaji wenyewe tulikuwa bado hatujarudi."

Ukumbi ukapasuka. Hata mimi nilicheka, ningefanyaje?

Tukiwa nje, Mama Kasyoka akauliza, "Susu wa Mwende, na Nairobi utabeba leso?"

Mwende akamjibu kabla yangu. "Leso itaingia na mimi. Susu atangoja mlangoni, nitamwita."

Nimekubali.

Haya, nimemaliza. Sasa ndiyo mnaweza kucheka.